Maswali ya Wasomaji: Heroe Aliyegeuka Kijivu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Nakuru, na tangu nilipoacha kufundisha hutengeneza kadi za harusi na za sikukuu kwa mikono yangu. Hugonga mhuri wa mpira wenye picha ya heroe kwenye karatasi ya manila, nikitumia wino wa mihuri ya ofisini, kisha hupaka penseli za rangi za maji. Kila nipitishapo brashi yenye maji, mistari ya mhuri hutawanyika, ndege wa waridi akawa wa kijivu, na karatasi nayo hujikunja. Nakosea wapi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mkono wako hauna kosa. Kosa limo katika wino. Wino wa ofisini kwa kawaida hukauka kwa kunyonywa na karatasi, lakini rangi yake hubaki tayari kuyeyuka tena ikiguswa na maji, na ndiyo hiyo iliyochanganyika na waridi yako. Tafuta pedi ya wino usioyeyuka majini, na hata muuzaji akikuhakikishia, gonga mhuri kwenye kipande cha karatasi, kiache kikauke vizuri, halafu kipitishie brashi yenye maji kabla hujaharibu kadi nzima.

Penseli hizi hutofautiana na penseli za rangi za kawaida kwa kuwa rangi yake hushikamanishwa kwa gundi inayoyeyuka majini, ilhali zile nyingine huwa na nta au mafuta. Kwa hiyo usipake ndege mzima kama mtoto wa chekechea anavyojaza picha. Paka ukanda mwembamba chini ya bawa, penye kivuli, kisha chukua brashi yenye unyevu tu, uliyoifuta kwenye kitambaa, uivute rangi hiyo kuelekea mgongoni hadi ififie. Mahali panapong'aa paachie weupe wa karatasi. Mdomo wa heroe mdogo, ambaye ndiye anayejulikana zaidi katika Ziwa Nakuru, ni mwekundu uliokolea hata ukaonekana mweusi, kwa hiyo uache hadi mwisho, shingo ikiwa imekauka kabisa, la sivyo wekundu huo utateremka shingoni. Hapo usipake penseli kwenye karatasi: gusa ncha ya penseli kwa brashi iliyolowa, uchukue rangi kutoka hapo.

Kuhusu kujikunja, manila haikutengenezwa kwa ajili ya maji. Karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba hustahimili zaidi. Ni ghali, nakiri, lakini karatasi moja ya A4 ikikatwa katikati hutoa kadi mbili zenye ukubwa wa milimita 105 kwa 148 zikikunjwa. Kabla ya kukunja, chora mstari kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ili mkunjo usipasuke.

SWALI: Hapa Kisumu nimepata karatasi iliyotengenezwa kwa gugu maji la ziwani. Je, naweza kuipaka rangi hizo hizo? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Unaweza, ila sikushauri. Karatasi ya namna hii, isipotiwa gundi wakati wa kutengenezwa, hunyonya maji kama sponji na rangi husambaa kwa kufuata nyuzi. Tena uso wake una mikwaruzo, na mhuri wenye mistari myembamba hutoka nusu nusu. Uzuri wake uko katika nyuzi hizo, kwa hiyo ifanye kuwa kadi yenyewe, kisha gonga mhuri na upake rangi kwenye kipande cha karatasi laini, ukibandike juu yake kikiwa kimekauka. Ukitaka kugonga moja kwa moja juu ya gugu maji, tumia mhuri wa umbo nene, mathalani jani au samaki, ambao unaweza kujichongea mwenyewe kwenye raba ya kufutia. Na ukichonga maneno, kumbuka kuyageuza kama yaonekanavyo kwenye kioo.

Mihuri yote isafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kamwe si kwa petroli, na isiachwe dirishani penye jua, kwa maana mpira hukakamaa ukapasuka.