Usifuate ukubwa wa boila ya zamani

Ndugu, umeuliza kama ununue tena boila (mtambo wa gesi unaopasha moto maji ya kuipa nyumba joto) ya kilowati 30 kwa kuwa iliyokufa ilikuwa hiyo. Usikimbilie. Fundi apige kwanza hesabu ya joto linalopotea kupitia kuta, paa na madirisha. Kama umeshabadilisha madirisha, huenda ndogo zaidi ikatosha. Boila iliyozidi mahitaji huwaka na kuzima kila mara, ikala gesi bure na kuchakaa mapema.

Chukua inayovuna joto la mvuke uliomo kwenye moshi, lakini faida hiyo hupatikana maji yakirudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, kwa hiyo fundi ashushe joto la maji. Na mabomba yasafishwe kabla ya kufunga mpya, tafadhali sana!