Jibu: Nikate mstari gani ndani ya WooCommerce ili bei itoke kwa dola na shilingi?

Funga hilo faili kwanza, kisha ndiyo usome.

Umeuliza mambo matatu: ukate mstari gani ndani ya WooCommerce (plagini, yaani kiongezo, cha duka kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti) ili bei za ziara zako za viungo kule Kizimbani zionekane kwa dola na shilingi, fomu ya maulizo uitie kwa shotikodi (neno fupi ndani ya mabano) au kwa bloku (kisanduku cha kihariri), na apu ya simu itazisomaje hizo ziara. Mie nimeganda hapo kwenye "nikate mstari gani", na hilo tu ndilo nalijibu leo. Halafu ukaongeza kuwa fundi wako kakwambia ukimaliza uzime apdeti! Yakhe, maneno hayo hayo niliuziwa mie, na nilitoa pesa.

Ami yangu ana nyumba ya wageni Mji Mkongwe. Barua pepe za kuthibitisha chumba zilikuwa zinawafikia wageni kwa jina la "WordPress" badala ya jina la nyumba. Ami hakupenda. "Huyu WordPress ni nani hata ajibu wageni wangu?" Nikamleta fundi, simtaji jina, maneno mengi, kompyuta ya bei mbaya. Akafungua wp-includes/pluggable.php, faili la WordPress yenyewe, akafuta neno moja, akaandika jina la nyumba. Nikamuuliza, je, ikija apdeti? Akanicheka. "Bwana, hii programu huria, ni yako, kata popote." Kweli leseni ya WordPress, GPL, inakuruhusu kukata popote. Lakini apdeti haisomi leseni, inakuja na mafaili yake mapya na kufunika yako. Ukiandika kwenye faili la kiini, yaani la WordPress yenyewe, umeandika jina lako mchangani pale Paje maji yamekupwa. Yeye alilijua hilo, ndiyo maana akaingia wp-config.php, faili la mipangilio, akatia AUTOMATIC_UPDATER_DISABLED, mstari wa kuzima apdeti za kujiendesha. Nami nikamlipa, tena nikamnunulia na urojo.

Hiyo ilikuwa Desemba 2016, toleo 4.7 limetoka na tumeshaliweka. Ndilo lililoingiza ndani ya WordPress njia za REST API, yaani mlango wa programu nyengine kuzungumza na tovuti, za kusoma na kuandika makala. Njia hizo zilitoka na tundu: mtu asiye na akaunti wala nywila angeweza kubadilisha makala ya mwenziwe. Tarehe 26 Januari 2017 likatoka 4.7.2 la kuziba, na wenyewe wakanyamaza karibu wiki nzima kabla ya kulitangaza lile tundu, makusudi, ili apdeti za kujiendesha ziwafikie watu kwanza. Zikawafikia watu. Sisi tulikuwa tumefunga mlango na komeo, tukimlinda fundi na neno lake moja.

Februari, mji umejaa wageni wa Sauti za Busara, tovuti ya ami makala zote zimeandikwa jina la mdukuzi. Mgeni mmoja akaleta ujumbe kuuliza kama nyumba imetekwa. Nikamjibu hapana, na kifungua kinywa kipo. Ungenijibu nini weye?

Na hapo bado. Nikataka kujua kama mafaili nayo yameguswa. Kuna amri, wp core verify-checksums, inalinganisha mafaili yako na ya asili. Ikanitolea orodha, kwani fundi alikuwa keshanogewa, kakata na kwengine bila kuniambia. Sasa lipi la mwizi na lipi la fundi? Hakuna aliyeandika popote. Kumpigia, simu inaita tu. Ikabidi nifute kiini chote niweke upya, na barua za ami zikarudi kutoka kwa "WordPress" kama mwanzo!

Dawa yake ilikuwepo miaka yote. Tangu toleo 1.2 la mwaka 2004 WordPress ina ndoano za kuning'inizia msimbo wako bila kugusa wa kwao. Ziko za aina mbili: add_action, pale unapotaka jambo litendeke wakati fulani, na add_filter, pale unapotaka kupewa kitu, ukigeuze, ukirudishe. Jina la mtumaji wa barua lina ndoano yake, wp_mail_from_name. Mistari mitatu minne, basi. Yule bwana hakuijua, au aliijua akaona haina pesa.

Usiguse faili usiloliandika wewe. La WordPress, la WooCommerce, la themu uliyonunua, yote. Tengeneza folda yako ndani ya wp-content/plugins, tia faili moja:

<?php
/* Plugin Name: Bei Mbili */
add_filter( 'woocommerce_get_price_html', 'viungo_bei_mbili', 10, 2 );
function viungo_bei_mbili( $bei, $bidhaa ) {
    $tsh = (float) $bidhaa->get_price() * 2500;
    return $bei . ' / TSh ' . number_format( $tsh );
}

Hiyo 2500 ni mfano tu, weka kiwango chako. Ile 10 ni zamu ya kuitwa, na 2 ni idadi ya vitu unavyotaka kupewa. Ukiisahau utapewa bei peke yake, bidhaa huioni, na ukurasa utaanguka. Usisahau na return. Mie niliisahau siku moja, bei zote zikatoweka, na ami akadhani nimeanza kutoa sadaka kwa mali yake. Jina la fankisheni lianze na neno lako mwenyewe, lisije likagongana na la plagini nyengine.

Iwashe kwenye orodha ya plagini, angalia ukurasa wa ziara. WooCommerce ikipata apdeti kesho, faili lako liko kwenye folda yake, haliguswi.

Na ule mstari wa kuzima apdeti, kama fundi wako keshautia kwenye wp-config.php, ufute leo kabla hujafanya lolote jengine. Akikuuliza nani kakwambia, mpe uzi huu asome.