Haidrojeni ya mtungi wa maji kwenye gari kuukuu

SWALI: Fundi, habari ya kazi? Nina Corolla 110, injini ya 5A, naenda nayo Changamwe kutoka Likoni kila siku. Siku hizi inakunywa petroli vibaya. Makanika wangu ataka kunifungia mtungi wa maji unaotoa gesi ya haidrojeni, Sh20,000, na asema matumizi yatapungua kwa thuluthi. Nimpe kazi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Pesa hizo zina kazi nyingine kwenye gari hilohilo.

Mtungi huo una vibati vya chuma ndani ya maji yaliyotiwa potasi kali. Umeme ukipita, maji hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni, kisha mpira hupeleka gesi kwenye njia ya hewa ya injini. Mpaka hapo makanika wako asema kweli. Hesabu ndiyo inayokataa.

Kutoa lita 1 ya gesi kwa dakika, mtungi wa seli 6 huvuta kama ampea 15 kwa volti 14, yaani wati 200 hivi. Umeme huo watoka kwa alteneta, alteneta huzungushwa na injini, na injini yala petroli. Kwa kuwa injini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya petroli kama joto, na alteneta nayo hupoteza yake, wati hizo 200 zakugharimu petroli ya zaidi ya wati 1,000. Haidrojeni utakayopata, ikiungua yote, ni wati kama 110. Tena kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, silinda zako za cc 1500 zina nafasi ya kumeza lita 1,500 kila dakika. Lita moja humo yafanya nini?

Kuna wanaoapa wameona nafuu, na wengine hawadanganyi. Mara nyingi mtungi huja na kisanduku cha kuihadaa sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, ili kompyuta ya injini ipunguze petroli. Nafuu ni ya kisanduku. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukikosa petroli ya kutosha, moto huzidi kwenye silinda, na kwa joto la Mombasa na foleni za Changamwe, vali za ekzosi ndizo zitakazolipa.

Haidrojeni yenyewe si uzushi. NASA, shirika la anga la Marekani, waliichanganya na petroli kwenye injini ya gari, wakachapisha matokeo mwaka 1977: injini iliweza kuunguza mchanganyiko mwepesi zaidi, yaani wenye petroli kidogo kwa hewa nyingi, bila kukosa moto. Lakini gesi yao haikutengenezwa na alteneta. Nayo EPA, idara ya mazingira ya Marekani, imekagua vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na haikupata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana.

Na hatari ipo. Gesi hiyo tayari imechanganyika na oksijeni yake. Injini ikirudisha moto kwenye njia ya hewa, mtungi waweza kupasuka, na potasi ile huunguza ngozi na macho.

Sasa gari lako. Muulize makanika kama thamostati imo, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Hapa kwetu huitoa kwa wingi, eti Mombasa ni joto, na huo ndio ugonjwa ninaoushuku kwanza. Kwenye 5A yafunguka karibu nyuzi 82. Ikikosekana, maji huzunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, injini haifiki joto lake, na kompyuta huendelea kuongeza petroli kama kwamba ndiyo kwanza umeiwasha asubuhi. Tazama sindano ya joto: ikishuka ukikimbia barabara ya Malindi na kupanda ukiwa foleni ya feri, thamostati haimo au imekwama wazi. Nunua mpya, na rejeta isafishwe siku hiyohiyo, maana huenda rejeta iliziba ndipo wakaitoa thamostati.

Kisha badilisha plagi na airkleena, na sensa ya oksijeni ipimwe. Mwisho, ukifika nyumbani usiku, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko zenzake, breki ya gurudumu hilo yashika. Chumvi ya pwani hukwamisha pini za kalipa, kile chuma kinachobana padi za breki. Pini zitolewe, zisuguliwe na kutiwa grisi ya breki.