Mgeni, Jiji na Kamera: Majibu ya Maswali Yenu

Kwa nini kila hadithi ya jiji huanza na mtu wa shamba anayeibiwa siku ya kwanza? Nimechoka nayo.

Umeona sawa, na mlolongo wenyewe ni mrefu. Katika riwaya ya Alan Paton ya mwaka 1948, *Cry, the Beloved Country*, mchungaji Stephen Kumalo anafika Johannesburg na kupanga foleni ya basi. Kijana mmoja anamwambia tiketi hukatwa ofisini. Kumalo anampa pauni nzima akamkatie. Kijana anakata kona, na pauni imekwenda. Mwaka uliofuata ikatoka filamu *African Jim*. Jim naye anaingia Johannesburg na kuvamiwa na majambazi kabla hajapata hata pa kulala. Ruka hadi mwaka 2012, kwenye *Nairobi Half Life* ya David "Tosh" Gitonga: Mwas anakuja Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku ya kwanza, na juu ya hayo yeye ndiye anayeishia mahabusu.

Ufundi umechangia. Mwenyeji hashangazwi na jiji lake, kwa hiyo hana sababu ya kutueleza lolote. Mgeni anauliza njia, anatazama juu, anakosea basi, nasi tunajifunza pamoja naye. Wizi nao unafunga mlango wa nyuma: mtu asiye na nauli hawezi kughairi na kurudi kwao, kwa hiyo lazima hadithi iende mbele. Halafu kuna ukweli wa maisha. Paton aliandika wakati migodi na viwanda vikivuta maelfu ya watu kutoka vijijini, na kwa wengi wao siku ya kufika mjini ndiyo iliyogawa maisha yao mara mbili.

Nakusihi tu usifunge kitabu baada ya wizi. Tazama nani anampokea mgeni. Kumalo anakutana na mzee mmoja anayemwambia kwamba tiketi hukatwa ndani ya basi, kisha anampeleka hadi mlangoni kwa watu anaowatafuta. Jim anasaidiwa na mlinzi wa usiku. Mwas anamkuta Oti mle mle mahabusu, na kupitia kwa Oti anaingia kwenye genge. Mwizi ni yule yule kila mahali. Ni kwa yule anayenyoosha mkono baada ya wizi ndipo nnapojua mwandishi analionaje jiji lake, na mapokezi ya Oti, yenye urafiki wa kweli na hatari ya kweli kwa pamoja, ndiyo yaliyonikaa moyoni zaidi.

Nimesikia filamu nyingi za majiji maarufu hazipigwi kwenye majiji hayo. Huo si uongo?

Ni kweli hazipigwi huko. *Casablanca* ya mwaka 1942 ilitengenezwa California, karibu yote ndani ya studio, Morocco haikuhusika. *Chicago* ya mwaka 2002 ilipigwa kwa sehemu kubwa Toronto. Stanley Kubrick, kwa ajili ya *Eyes Wide Shut* ya mwaka 1999, alijengewa mitaa ya New York kwenye studio za Pinewood, Uingereza. Mara nyingi sababu ni gharama, nafuu ya kodi, au ugumu wa kufunga barabara zenye shughuli.

Mimi siuiti uongo. Jukwaa la tamthilia nalo si ikulu, na mfalme tunamwamini. Kinachonikera ni filamu iliyokosea watu: abiria wanaosalimiana kwa namna ambayo hakuna mtu wa jiji lile husalimiana, au mhusika anayepata teksi kila anapoinua mkono.

Mbona majiji ya nchi za joto huonekana ya njano kwenye filamu za Marekani?

Rangi hiyo huwekwa kwa kichujio mbele ya lenzi, au baadaye kwenye kompyuta wakati wa kurekebisha rangi. Steven Soderbergh alikuwa na sababu alipofanya hivyo kwenye *Traffic* mwaka 2000. Alikuwa na hadithi kadhaa zinazopishana, akaipa Mexico njano ya vumbi na hadithi nyingine akaipa bluu, mtazamaji ajue mara moja yuko wapi. Wengine wakachukua njano, sababu wakaiacha. *Extraction* ya mwaka 2020 inasimulia habari za Dhaka, Bangladesh, lakini sehemu kubwa ya picha zilipigwa Ahmedabad, India, na Thailand, kisha zikamiminiwa njano, na watazamaji wengi wakalalamika. Walikuwa na haki. Rangi ile inakwambia kuna uchafu na hatari kabla mtu hajafungua mdomo. Dhaka ni jiji la mito na mvua kubwa. Kijani chake kimefutwa.

Filamu za mitaa ya mabanda zinatusaidia, au zinauza umaskini wetu?

Zipo za aina zote mbili, na kuzitofautisha kunahitaji macho makini kuliko hasira. Wengi hutumia kigezo cha nani kaitengeneza. Ni kigezo kizuri: *City of God* ya mwaka 2002 ilitokana na riwaya ya Paulo Lins, aliyekulia katika mtaa wenye jina hilo huko Rio de Janeiro, na vijana wengi walioigiza walitoka kwenye mitaa ya aina hiyo. Lakini hata mwenyeji anaweza kuuza.

Mimi natafuta kitu kingine: je, filamu inajua pesa inavyozunguka? Kwenye *Bicycle Thieves* ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, Antonio wa Roma amepata kazi ya kubandika mabango, ila lazima awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe, Maria, anavua mashuka kitandani na kuyapeleka kwenye duka la rehani. Karani anayapokea, kisha kamera inamfuata mfanyakazi akipanda na furushi kwenye rafu zinazokwenda juu kabisa, na zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayelia. Jiji zima limelala bila shuka, nasi tumeoneshwa kwa sekunde chache. Filamu inayouza umaskini ingebaki kwenye uso wa Maria, na rafu tusingeziona kamwe.

Kuna filamu ambayo jiji lenyewe ndilo mhusika mkuu?

Tafuta *Berlin: Symphony of a Great City* ya Walter Ruttmann, ya mwaka 1927: siku moja ya Berlin, kuanzia treni ya alfajiri hadi taa za usiku, bila mhusika wa kumfuata. Haina maneno, kwa hiyo lugha haitakuzuia.

Naandika riwaya kuhusu jiji nililolihama miaka mingi iliyopita. Nina haki hiyo?

Unayo. Mwandishi James Joyce aliondoka Dublin mwaka 1904, akaandika riwaya yake ya jiji hilo, *Ulysses*, akiwa Trieste, Zürich na Paris, ikatoka mwaka 1922. Kumbukumbu peke yake hakuitegemea. Alikuwa na kitabu cha anwani za Dublin kinachotaja nani anakaa nyumba ipi, na alimsumbua shangazi yake, Josephine, kwa barua. Mwaka 1921 alimuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kupanda uzio wa chuma wa nyumba namba 7, Eccles Street, akajishusha mpaka miguu ikabaki futi mbili au tatu kutoka chini, kisha akajiachia bila kuumia. Swali refu hivyo kwa ajili ya mhusika mmoja wa riwaya aliyesahau ufunguo! Nawe mwandikie aliyebaki. Usimuulize jiji likoje siku hizi, maana atakujibu kwa jumla. Muulize kama yule fundi viatu wa pembeni ya ngazi bado yupo, na kama hayupo, pale alipokuwa akikaa pamewekwa nini.