Gundi badala ya bandi

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimeunga viraka vya kitenge nipate mfarishi wa kitanda cha futi 5 kwa 6, ndani pamba ya polista, chini bitana. Kupiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya muda ya kushikiza tabaka, kunaniumiza mgongo. Jirani anasema nishikize kwa gundi. Haitaacha madoa?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Gundi inafaa, ila si kila gundi. Tafuta ile nyeupe ya watoto wa shule, iliyoandikwa kwamba inatoka kwa maji. Ya mbao usiiguse kabisa, ikishakauka haitoki.

Mimi hutandaza bitana sakafuni, nikaibana pembeni kwa selotepu, kisha pamba. Nakunja nusu ya pamba, nachora mistari ya gundi myembamba kama tambi, kuanzia katikati kwenda nje, nikiiachanisha kwa upana wa kiganja. Narudisha pamba, nalainisha kwa mikono hadi mikunjo iishe. Upande wa pili vivyo hivyo, halafu viraka juu kwa njia hiyo hiyo. Ukipiga pasi kuikausha gundi, iwe ya moto mdogo, juu ya kitambaa kingine, maana polista huyeyuka.

Usishone gundi ikiwa mbichi! Mfarishi wa mjukuu wangu niliuharakisha, sindano ikanata na uzi ukakatika kila mara. Siku hizi nauacha mpaka asubuhi.

Ukimaliza kushona, loweka kwenye maji ya vuguvugu, suuza mara mbili. Hukusema kama kitenge ulikifua kabla ya kukata. Kama bado, jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki: tone la gundi, likauke, ufue, uone kama rangi inachuja.