Kwa walimu wa field (mlio kwenye mafunzo kwa vitendo) mtakaosimamia moko, mtihani wa majaribio, Jumamosi

Wadogo zangu, Jumamosi iliyopita nilipita nje ya Kidato cha Nne B nikamkuta msimamizi kainamia simu, anacheka peke yake, na darasa limetulia kuliko msibani. Mtihani wa Hisabati ukitulia namna ile, ujue watu wanaangalizia. Niligonga dirisha, akaruka yeye kabla ya wanafunzi.

1. Hesabu kurasa kabla hujagawa. Mashine yetu ya kurudufu humeza ukurasa wa tatu, na mtahiniwa hagundui mpaka afike Sehemu B.

2. Saa. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimamia Hisabati, maswali 14, muda wa saa tatu, mimi peke yangu na watoto 62. Ubaoni nikaandika: Kuanza 2:00, Kumaliza 5:00. Kumbe kurasa hazijatimia (ndiyo, namba 1 niliisomea kwa machungu). Mbio kwa mwalimu wa taaluma, tukarudufu, tukabana pini. Tukaanza saa mbili na dakika 25. Ubao sikuugusa.

Saa tano kamili nikanguruma, "Kalamu chini!" Enzi hizo nilikuwa naipenda mno sauti yangu. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, muda bado." Mimi nikasikia ukaidi. Nikamwambia angetumia prepo kusoma badala ya kupiga soga, asingekuwa anaomba dakika. Nikavuta karatasi akiwa bado anaandika, ikachanika kona.

Jioni nasahihisha, nikafika kwake. Swali la 14: grafu safi, eneo limetiwa kivuli, na pale pa jibu kuna mstari mrefu wa wino unaoteremka hadi kwenye mchaniko. Nikajumlisha: 27. D, yaani kufaulu, inaanzia 30. Nikarudia kujumlisha, na katikati ya kurudia ndipo nikauona ule ubao kichwani. Dakika 25 za watoto 62.

Matokeo tuliyafuta, wakarudia Jumamosi iliyofuata, nao wakanibatiza Saa Tano Kamili, jina lililodumu mpaka wakahitimu. Hilo nilistahili. Linalonikereketa mpaka leo ni kwamba yule binti nilimwomba radhi koridoni, kwa sauti ya chini, nikichungulia kama kuna anayepita. "Haina shida, mwalimu," akasema. Nilimkemea mbele ya darasa zima, radhi nikaipeleka uchochoroni. Kwenye kipindi changu hakunyoosha mkono tena.

3. Simama nyuma ya chumba. Anayetaka kuangalizia lazima ageuke kukutafuta. Na viatu vya harusini viacheni nyumbani, wanasikia mnavyokuja.

4. Simu na kalkuleta zibaki nje. Vitabu vya jedwali vikagueni ukurasa kwa ukurasa, maana vingine vina maandishi kuliko kuta za choo cha wavulana.

5. Namba ya mtihani kila ukurasa. Wakumbusheni mapema, si wakati wa kukusanya. Asitoke mtu kabla hujahesabu. Watoto 62 na karatasi 61, usiku huo hulali.

Na wewe wa simu, nimekupanga tena, chumba kilekile. Saa ya ukutani imekufa tangu Pasaka. Njoo na ya mkononi.