Barua kwa mwanangu: vile vifungo vitatu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku Tanga hatujambo, ni goti la baba yako tu linalomsumbua mvua hizi.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikanyamaza, maana nilitaka kukujibu vizuri. Ulisema nguo umeziloweka tangu Jumatatu, mwenye nyumba anataka kujua kama utaongeza mkataba na hujamjibu, kitasa cha mlango kimelegea na bisibisi unayo. Ukaniuliza, "Mama, kazini namaliza kila kitu. Kwa nini haya madogo yananishinda?"

Yanakushinda kwa sababu ya udogo wake. Kazi ya ofisini ina wa kuisemea: bosi ataiulizia, tarehe imeandikwa. Kitasa hakina msemaji. Kila ukipita unakiona, unasema kesho, na huko kukitazama kila siku kunakuchosha kuliko kukikaza.

Mimi somo hili nililipata kwenye cherehani, tena kwa uchungu. Gauni likishaungwa, mtu huliona limekwisha. Bado kukata nyuzi, kupinda chini kwa mkono, kutia vifungo, kupiga pasi. Hapo ndipo mafundi wengi tunapolegea, maana moyo umeshajiambia kazi imeisha. Usiku wa kuamkia Idi, mwaka mmoja kabla hujazaliwa, nilibakiza vifungo vitatu vya kigauni cha mtoto wa jirani. Saa sita usiku, macho mazito, nikasema nitavitia alfajiri. Alfajiri ikanikuta na homa, hata kukaa kitako siwezi. Mtoto akaenda kuswali Idi na nguo yake ya zamani. Mama yake hakunigombeza. Alikichukua kigauni kimya kimya, akaondoka. Zilikuwa dakika kumi tu, mwanangu. Mpaka leo nikishika kifungo namwona yule mtoto amesimama mlangoni.

Tangu siku ile sifuniki cherehani kabla sijakata uzi wa mwisho. Na nguo nikiona sitaiweza, kitambaa nakirudisha kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Huko nako ni kumaliza, wala usikuonee haya. Kama mkataba huongezi, mwambie mwenye nyumba huongezi, naye atafute mtu mwingine mapema.

Usiyakamate yote kwa pamoja. Leo zitoe zile nguo kabla hazijavunda, uzisuuze, uzianike. Bisibisi iweke juu ya meza usiku huu, kitasa ukikaze asubuhi kabla ya kutoka.

Ile doti ya kanga uliyoniletea niliikata na kuipinda jioni ile ile uliyoondoka, maana kanga isiyopindwa hufumuka pembeni kila ikifuliwa. Upande mmoja nimejifunga hapa ninapokuandikia. Wa pili nimekukunjia wewe, mjomba wako atakuja nao Dodoma Alhamisi.

Ni mimi mama yako.